Mkataba wa WTO wa ruzuku za uvuvi: sisi wa boti ndogo unatugusa au unatupita?

mtoto_wa_kunduchi

Wakuu salaam, na wakubwa shikamooni. Kuna jambo linaninyima usingizi naomba anayelielewa anifafanulie kwa lugha ya kawaida, maana kila ninayemuuliza mtaani ananipa jibu lake.

Tupo watu saba hapa Kunduchi, tuna kikundi, boti yetu ni ya faiba na mashine ni HP 15 ambayo saivi tunaibembeleza tu, unavuta kamba mara kumi ndo inakubali, siku nyingine inazima mkiwa katikati ya mkondo mnabaki kupiga kasia. Tumejaza fomu za mkopo usio na riba, ule wa boti unaotolewa na serikali, tumeomba boti kubwa kidogo na mashine ya HP 40 ili tufike huko nje kwenye nguru na jodari, tuache kugombania vibua nyuma ya kisiwa cha Mbudya. BMU, ile kamati ya wavuvi ya kusimamia uvuvi wa pwani yetu, wameshatugongea muhuri, picha tumepeleka, tunasubiri jibu.

Sasa juzi kwenye kahawa jamaa mmoja akasema msijisumbue, Shirika la Biashara Duniani (WTO) limeshapiga marufuku serikali kuwapa wavuvi ruzuku, mkataba umeanza kufanya kazi Septemba 2025, na mkopo usio na riba ni ruzuku tu kwa jina lingine. Nikaenda kuangalia kwenye simu nikakuta kweli huo mkataba upo na kweli umeanza. Ndo nikachanganyikiwa.

Na kuna la pili ambalo ndo linaniuma zaidi. Baba yangu alikuwa anatoka na ngalawa, tanga tu hamna mashine, saa nne asubuhi keshaburuta chombo mchangani na changu wamejaa tenga. Mie leo naenda karibu masaa mawili kwa petroli ya bei kali, narudi na kilo kumi na kitu za vibua. Kwa hiyo najiuliza, hivi tukipewa wote mashine kubwa, sisi Kunduchi, na Msasani, na Mbweni, na Kigamboni huko mpaka Kimbiji, si tunaenda kumaliza na hicho kilichobaki? Lakini nisipopewa mie si atapewa mwingine? Yani naona pande zote mbili zina haki na mie nipo katikati na form yangu.

ubungo_kwa_ubungo

Kaka usitishwe. Huu mkataba mie siupendi na nitasema kwa nini.

Hawa wakubwa walijenga meli zao kwa pesa za serikali kwa miaka mingi, wakalipiwa mafuta, wakalipiwa kutengeneza meli, wakamaliza samaki kwao, wakaja na huku. Kuna wataalamu walipiga hesabu ya mwaka 2018, ruzuku za uvuvi duniani zilikuwa zaidi ya dola bilioni 35, na kama bilioni 22 katika hizo ni zile za kuongeza nguvu ya kuvua, sio za kulinda. Zaidi ya nusu ya pesa yote ni China, Umoja wa Ulaya, Marekani, Korea Kusini na Japani. Sasa leo mtoto wa Kunduchi anaomba mashine moja ya HP 40 ndo tunamwambia habari za samaki kuisha baharini? Bahari ameimaliza yeye?

Nchi haiwezi kuendelea kwa kukatazwa kile ambacho wenzake walikitumia kuendelea. Sisi ukanda wetu wa uchumi wa bahari ni kilomita za mraba kama 223,000 halafu asilimia kubwa sana ya samaki tunaokula wanatoka maziwani sio baharini. Jodari wanapita hapo nje wanavuliwa na meli za watu wa mbali. Hilo ndo la kukasirikia. Chukua mashine yako ukavue.

wakili_mbezi

Nimefanya kazi na mambo ya sheria za biashara miaka kadhaa, ngoja nijaribu kulinyoosha hili maana naona kuna vitu viwili vinachanganywa.

Kaka wa Kunduchi, kwanza pumua. Mkopo wako haujapigwa marufuku. Mkataba uliopo sasa ulipitishwa Geneva tarehe 17 Juni 2022 baada ya mazungumzo ya zaidi ya miaka ishirini (yalianza Doha 2001), ukaanza kutumika tarehe 15 Septemba 2025 baada ya theluthi mbili ya nchi wanachama kuridhia, yaani nchi 111. Siku hiyo hiyo jirani zetu Kenya nao walikabidhi hati yao pamoja na Brazil, Vietnam na Tonga. Na unachokataza ni mambo matatu tu. Moja, serikali kumpa ruzuku mtu au meli iliyothibitika kufanya uvuvi haramu, usioripotiwa na usiodhibitiwa. Mbili, ruzuku ya kuvua samaki ambao tayari wametambuliwa kwamba wamevuliwa kupita kiasi. Tatu, ruzuku ya kuvua kule bahari huria nje ya mamlaka ya nchi yoyote na ambako hamna hata chombo cha kikanda kinachosimamia. Basi. Hamna sehemu inasema mvuvi mdogo asipewe mashine.

Hata hiyo namba mbili ina mlango, kwamba ruzuku ikitolewa kwa mpango wa kurudisha hao samaki kwenye hali nzuri inaruhusiwa. Na nchi zinazoendelea pamoja na zile maskini zaidi tumepewa miaka miwili tangu mkataba uanze, maana yake mpaka Septemba 2027, ambayo hatuwezi kushtakiwa kwa namba moja na mbili ndani ya maili 200 za ukanda wetu wa bahari. Ruzuku za kuwasaidia watu baada ya maafa zipo nje. Ufugaji wa samaki upo nje. Uvuvi wa maji baridi upo nje kabisa, kwa hiyo dagaa wa Mwanza na migebuka ya Kigoma huu mkataba hauwahusu. Na ruzuku inayoguswa ni ile iliyolengwa sekta fulani, ndo maana ile ya mafuta ya mwaka 2022 ambayo serikali iliweka bilioni 100 kwa mwezi ili bei ishuke kwa kila mtu, mwenye bodaboda na mwenye boti sawa sawa, sio mfano wa kinachozungumziwa hapa.

Sasa ndugu yangu wa Ubungo, hasira yako naielewa na hizo namba zako ni za kweli, lakini umeielekeza pasipo. Ugomvi wa maendeleo na uhifadhi haupo kwenye huu mkataba ulioanza, upo kwenye sehemu ya pili ambayo bado haijakubalika. Hiyo ya pili ndo inagusa ruzuku zinazofanya meli ziwe nyingi na kubwa kupita samaki waliopo. Ilipelekwa kwenye mkutano wa mawaziri wa WTO Abu Dhabi mwanzoni mwa 2024, ikakwama. Desemba mwaka huo huo ikajaribiwa tena Geneva, ikakwama. India ndo ilisimama kidete na hoja yake ukiisikiliza ni kama yako, kwamba ruzuku yetu kwa mvuvi mmoja ni kidogo sana ukilinganisha na ya kwenu, sisi tupeni miaka 25, na nyie mnaovua mbali na kwenu ndo muache kwanza.

Na kuna jambo ambalo mie binafsi naona India walikuwa na haki nalo. Rasimu ilivyoandikwa, ruzuku kama za kujenga meli, kununua mashine, mafuta, barafu, chambo, zinakatazwa, ILA nchi ikionyesha kwamba ina mfumo wa kusimamia samaki wake wasiishe inaruhusiwa kuendelea. Nani ana huo mfumo? Mwenye meli za utafiti, satelaiti, wataalamu wa takwimu, waangalizi ndani ya meli. Yaani tajiri anaonyesha makaratasi anaendelea, maskini hana makaratasi anaacha. Hiyo sio haki hata kidogo na hapo napaza sauti pamoja na wewe.

Lakini hapo hapo niseme na upande wa pili. Kwenye rasimu hiyo hiyo nchi maskini zaidi zimesamehewa, na nchi zinazoendelea ambazo samaki wanaowavua baharini hawafiki asilimia 0.8 ya dunia nzima nazo zimesamehewa. Tanzania tunaingia hapo. Kwa hiyo hiyo sehemu ya pili ikikwama anayelindwa sio mtoto wa Kunduchi, yeye alishasamehewa tayari. Anayepumua ni yule mwenye meli ya mita sabini huko nje. Na muda nao unakimbia, mkataba una kifungu kinasema miaka minne ikipita bila hiyo sehemu ya pili kukubaliwa basi na huu wa kwanza unakufa wenyewe, isipokuwa nchi wanachama ziamue vingine. Piga hesabu, Septemba 2029.

mama_nguru

Nawasoma tu toka asubuhi nikiwa hapa soko la samaki la Feri naparua samaki, mnaongelea meli na mashine na maili 200, hamna hata mmoja ameuliza samaki akishavuliwa anafikaje kwangu.

Mie nanunua mnadani hapa Magogoni toka soko hili jipya halijajengwa, kabla ya ule msaada wa Wajapani. Nitawaambia ninachokiona kila siku ya Mungu. Boti inaingia saa moja asubuhi imelala nje, samaki wapo chini kwenye maji ya damu, wamefunikwa turubai, barafu hamna au ilikuwepo pande moja ikayeyuka usiku. Ukishika shavu lake limeshakuwa la kahawia, tumbo ukibonyeza kidole kinazama. Dalali anaanza bei ya juu anashuka anashuka, mwenye boti anaangalia pembeni anaumia, mwishowe tunawachukua sisi wakaangaji kwa bei ya kuwakaanga maana hotelini hawawezi kwenda. Samaki yule yule angelala kwenye barafu angelipa mara mbili. Hilo sio la kusoma mtandaoni, nimelishika kwa mikono hii.

Kwa hiyo mwanangu wa Kunduchi, unataka HP 40 ili uvue samaki wengi zaidi waoze? Samahani kama naongea kwa ukali lakini inaniuma. Nusu ya shida zenu sio kwamba samaki mnaopata ni wachache, ni kwamba hao wachache mnawafikisha wamechoka.

nahodha_mstaafu

Nimesoma yote. Mama wa Feri amesema kweli tupu.

Mie nimeingia baharini nikiwa mtoto nikatoka macho yalipokataa. Nilivua Bagamoyo, Saadani, mpaka delta ya Rufiji. Wengi wenu hamkumbuki meli za kuvua kamba, wale wadudu wa baharini. Zilikuwa zinakuja karibu na pwani maji ya pima chache, zinakokota nyavu chini, mlango wa wavu kama nyumba. Wanataka kamba tu, samaki wadogo, samaki taa, vichanga vya changu, wanamwaga baharini wamekufa, asubuhi maji meupe kwa matumbo. Usiku mmoja tumetega jarife letu, taa tumewasha juu ya kibuyu, meli ikapita juu yake kama haioni, tukaokota vipande. Tukaenda kulalamika ofisi moja, tukaambiwa leteni namba ya meli. Namba ya meli usiku?

Serikali ikaja kuzisimamisha zile meli mwaka 2008 hivi kwa sababu kamba wenyewe walishaisha, hailipi. Sikilizeni hilo. Hazikusimama kwa sababu sisi tulilia, zilisimama kwa sababu hamna cha kuvua.

Na sio wao tu, sisi wenyewe tumefanya ya kwetu, lazima tuseme. Baruti imekatazwa toka mwaka 1970 lakini miaka na miaka ukikaa pale Kunduchi au Kigamboni unasikia tu, puu, unaona maji yanaruka. Mwamba uliopigwa baruti nimeuzamia, ni kifusi, kama nyumba iliyobomolewa, hamna samaki anayekaa kwenye kifusi. Watu walikuja kukamatwa kweli kweli miaka hii ya karibuni ndo ikapungua. Na juya za macho madogo je, na vyandarua vya mbu? Kwa hiyo kijana wa Ubungo ukisema bahari hawakuimaliza watoto wa Kunduchi mie nakwambia nusu umesema kweli.

Mashine kubwa ni nzuri. Lakini samaki hajui kama aliyemvua amesamehewa na mkataba au hakusamehewa.

mtoto_wa_kunduchi

Shikamoo mzee. Ahsante sana, na mama pia shikamoo, sijakasirika hata kidogo maana hayo ya barafu ni kweli, kikundi chetu tuna kasha moja la friji bovu tuliloliokota ndo tunaliita jokofu.

Wakili naomba nikuulize, hapo kwenye uvuvi haramu. Hao wa nje wakivua kwetu bila leseni, huu mkataba unatusaidia nini? Maana sisi hatuna meli za kuwafukuzia.

wakili_mbezi

Hilo ndo swali nililokuwa nalisubiri, na kwangu mie ndo roho ya mkataba wote kwa nchi kama yetu.

Mnakumbuka Tawariq 1? Machi 2009, meli ilikamatwa kwenye maji yetu ikiwa na shehena ya jodari, waziri wa uvuvi wakati huo alikuwa hayati Magufuli, wale samaki wakagawiwa, watu mpaka leo wanasema samaki wa Magufuli. Kesi ikaenda miaka, hukumu ikatoka, rufaa ikaipindua. Tulichojifunza pale ni kwamba kukamata ni kazi na kuthibitisha ni kazi kubwa zaidi.

Sasa angalia kilichobadilika. Kwa mkataba huu, nchi yenye pwani ikifuata utaratibu ikathibitisha kwamba meli fulani imefanya uvuvi haramu ndani ya maji yake, basi ile nchi inayoipa meli hiyo ruzuku inatakiwa iache kuipa. Sio lazima uiburute mpaka bandarini na kuifungia kamba. Unapeleka taarifa mapema kwa nchi yenye bendera na ukiijua ile inayotoa ruzuku nayo, unawapa nafasi ya kujibu, unakuwa na ushahidi wako, unatoa uamuzi. Meli nyingi za mbali bila ruzuku ya mafuta safari haina hesabu. Kwa hiyo unaigusa mfukoni, na mfuko wenyewe upo kwao huko.

Ila, na hii ila ni kubwa, inadai nchi iwe imeridhia na iwe na uwezo wa kuandaa huo ushahidi. Tuna Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu ipo Fumba kule Zanzibar, ndo inatoa leseni za huko nje, meli zenye leseni zinafuatiliwa kwa mitambo. Kuna mfuko maalum uliofungwa pamoja na mkataba wa kuzisaidia nchi zinazoendelea kujenga uwezo huo. Mie ningekuwa na sauti ningesema pesa hiyo yote iende kwenye ushahidi, na kwenye takwimu.

Nikisema takwimu simaanishi kompyuta. Namaanisha lile daftari la BMU pale mchangani. Mkataba unataka nchi iripoti aina za samaki wanaovuliwa kwenye uvuvi unaopewa ruzuku na hali yao ikoje. Sasa nenda kaangalie madaftari yetu yanavyojazwa, nilishakaa na kijana mmoja mwandishi wa BMU asubuhi nzima, boti inashusha, yeye anaandika "mchanganyiko kilo 40". Mstari unaofuata "mchanganyiko kilo 25". Ndani ya huo mchanganyiko kulikuwa na changu, tasi, kolekole mdogo, pono, na papa mmoja mchanga. Sio uvivu wake, mzani mmoja, boti kumi zinashusha kwa wakati mmoja, na jua linachoma. Lakini kwa daftari hilo huwezi kumwambia mtu yeyote Geneva kwamba changu wetu wamepungua, wala huwezi kuthibitisha kwamba wapo. Na tusipotambua wenyewe kwamba wamepungua, kile kifungu cha pili hakituhusu, ruzuku inaendelea kutoka, mpaka siku ya kile kifusi cha nahodha.

pweza_mafia

Mie nipo Dar kikazi ila kwetu Mafia. Niongeze kimoja tu.

Kule kwetu, na kule Kisiwa Panza Pemba, watu wanafunga mwamba wa pweza miezi kama mitatu, kijiji chenyewe kinakubaliana, kinaweka alama, kinalinda kwa zamu. Pweza anakua haraka sana, ukimwacha hiyo miezi mitatu anakuwa mwingine. Siku ya kufungua wanajaa pwani nzima, kina mama na vijiti vyao, maji ya bamvua yametoka, pweza wanatolewa wakubwa mpaka unamshika kwa mikono miwili. Wanunuzi wanakuja wenyewe.

Kinachohitajika pale sio mashine. Ni posho ya walinzi, boti moja ya doria, na mnunuzi ambaye hawadhulumu bei siku ya kufungua. Hiyo nayo ni ruzuku ukitaka kuiita hivyo, lakini haiongezi meli, inaongeza pweza. Kwa nini serikali ikifikiria kumsaidia mvuvi lazima ifikirie boti kwanza? Boti unaweza kuikatia utepe, mwamba uliofungwa hauna utepe. Ila mwamba uliofungwa nimeona umesomesha watoto.

ubungo_kwa_ubungo

Nimesoma mara mbili. Hiyo ya sisi kusamehewa tayari sikuwa naijua nakubali, nilidhani India wanatupigania na sisi. Ila msimamo wangu mmoja upo pale pale, Kunduchi isikae na mashine ya kuvuta mara kumi kwa sababu tunaogopa samaki kuisha wakati huko nje wanavuliwa na watu wa mbali. Mtu akifa na boti iliyozima mkondoni nani anajibu? Mashine nzuri ni uhai pia, sio kuvua tu.

Na swali kwa wakili, wale wanaolipa serikali kwa serikali ili meli zao zivue kwa jirani, kama Umoja wa Ulaya na Shelisheli, hiyo nayo ni ruzuku au sio?

wakili_mbezi

Umegusa penyewe kabisa. Mkataba unasema wazi kwamba malipo ya serikali kwa serikali kwenye makubaliano ya kuruhusiana kuvua hayahesabiki kuwa ruzuku. Nchi nyingi ndogo za visiwa zilitaka hivyo maana pesa hiyo ndo bajeti yao, siwalaumu. Lakini nakubali kwamba hapo kuna uwazi mkubwa, kwa sababu serikali ikilipa ada kubwa na mwenye meli akachangia kidogo tu, tofauti hiyo amesaidiwa nani? Ni yeye. Kama tunataka kupigana kwenye sehemu ya pili mie ningepigana hapo, na kwenye lile la tajiri kuonyesha makaratasi. Sio kwenye HP 40.

Na la usalama nakuunga mkono asilimia mia. Mashine inayokurudisha nyumbani sio sawa na mashine ya kuongeza boti ya tatu na ya nne kwenye mwamba ule ule. Tatizo kwenye fomu zinaandikwa kitu kimoja.

nahodha_mstaafu

Kijana wa Kunduchi nikuulize. HP 40 mtatoka nayo mpaka wapi? Huko nje kwenye jodari unakokusema sio mchezo, kusi ikishaingia mwezi wa sita bahari inabadilika, na mafuta ya HP 40 sio ya HP 15. Mkipata mnalipa mkopo, msipopata siku tatu mtarudi nyuma ya Mbudya na mashine kubwa na deni, na mwenye deni anavua hata kichanga. Nimeliona hilo kwa tajiri wangu mmoja, sio mtu mbaya, alikuwa mtu wa swala tano, deni likamfikisha kwenye juya la macho madogo.

Sikukatazi. Pigeni hesabu ya siku mbaya, msipige ya siku nzuri.

mtoto_wa_kunduchi

Mzee nasema ahsante tu, na hilo la deni limeniingia.

Nimekaa na wenzangu jioni hii baada ya kusuka nyavu nikawasomea yote haya kwa simu. Wawili walikasirika wakasema tunarudishwa nyuma, mmoja akasema mzee wa baruti kaongea kama baba yake. Tumebishana mpaka isha. Tulichofikia, tunaenda kuomba kubadilisha fomu, tutaomba mashine mpya lakini HP 25, tubaki na boti yetu ya faiba tuikarabati, na tofauti iliyobaki tuombe kasha la barafu la kweli lenye kuta nene pamoja na GPS na maboya ya kuokolea. Kama hawawezi kubadilisha tutajua huko huko.

Na kwenye daftari la BMU nimejitolea mwenyewe, mie ndo nitakuwa naandika ya boti yetu kabla mwandishi hajafika, changu mbali, tasi mbali, kolekole mbali. Mwandishi amesema atashukuru.

Kwa nguru na jodari roho bado inauma, sitadanganya. Wanapita pale nje kila kaskazi na mie nawaona kwenye simu za watu tu. Wakili, hiyo sehemu ya pili ikirudi mezani tafadhali utuandikie hapa, sisi hatuna mtu mwingine wa kutusomea.

Mama, hilo kasha liwe la ukubwa gani kwa safari ya usiku mmoja watu saba? Na barafu ya kupiga nyundo au ile iliyosagwa?

mama_nguru

Iliyosagwa mwanangu, ile ya pande kubwa inamchubua samaki na inaacha nafasi joto linaingia. Barafu chini, samaki, barafu, samaki, juu barafu tena, tumbo uwe umeshalitoa huko huko baharini na ukamsafisha kwa maji ya chumvi. Tundu la kutoa maji liwe chini pembeni, usiache samaki waogelee kwenye maji yaliyoyeyuka.

Ukubwa siwezi kukuambia kwa simu, njoo Feri kesho kabla mnada haujachangamka, kuna boti moja ya Kigamboni wana kasha zuri wamelitengeneza kwa fundi, wanashusha hapa karibu kila siku, nitakuonyesha upime kwa kamba mwenyewe. Na siku ukileta samaki wako wa kwanza kutoka kwenye hilo kasha usimpe dalali, niite.